Swali la Tisa

Nilishuka Graciosa na mkoba wa fomu,
karani wa visiwa tisa, kiatu kimoja kimepasuka,
nimetumwa kuwaeleza wenye vyumba vya kupangisha
habari za utalii unaorudisha zaidi ya unachochukua.
Maneno hayo yalinoga mjini, mbele ya kipaza sauti.
Hapa, mbele ya Zulmira mwenye unga hadi viwikoni,
yalikauka kama mkate wa juzi.

"Kurasa thelathini na moja," alisema,
akizipima unene kwa kidole gumba.
"Mimi nina vyumba vinne, tanuri moja,
na mume aliyekwenda Toronto kwa miezi sita
mwaka wa themanini na tisa."

Swali la tatu: biashara yako ina sera ya mazingira?
Alinionyesha pipa la mvua chini ya mchirizi.
Swali la nne: eleza mnyororo wako wa ugavi.
"Mayai ya Idalécio. Jibini ya Idalécio.
Idalécio ni binamu yangu,
hatusemezani tangu mazishi ya mama.
Mayai huletwa na mtoto."
Nikaandika: mnyororo mfupi, una kutu.

Swali la tisa: mgeni wako huacha nini?
"Taulo mbichi. Mchanga kitandani.
Nyota tano, au tatu jogoo akiwika."
Halafu akanyamaza, akavua aproni,
akanipitisha mlango wa nyuma.

Kuta. Mawe meusi ya volkano, yamepangwa bila chokaa,
vijizizi vya mizabibu, kila mzabibu na kizio chake
upepo wa chumvi usiutafune.
Nusu zilikuwa zimelala chini, miiba imezivika.
"Ufa tuliuona sote," alisema Zulmira.
"Wa kuuziba ndio waliopanda ndege."

Amebaki Hermínio, miaka themanini na mmoja,
goti bovu, mikono mizima.
Hakuna aliyewahi kumlipa kwa kujua.

Ijumaa ukungu ukafunga uwanja, ndege haikutua,
na wale wawili wa Rotterdam, Joost na Marijke,
wamemaliza vitabu vyao, wamemaliza kahawa,
wakatoka nyuma kumtazama mzee.
Joost akainua jiwe. Hermínio akatikisa kichwa:
"Hilo umelilaza kifudifudi. Tafuta tumbo lake."
Wakatafuta matumbo ya mawe hadi giza.

Usiku mabishano, mimi mkalimani.
Zulmira: wamelipa kulala, watalipaje tena kuchoka?
Marijke: tungelipa.
Hermínio, akiangalia vidole vyake:
mimi sijui bei ya kitu hiki.
Tukaanza na yuro kumi na tano kila kichwa,
kumi za mzee, tano za miche.
Alizikunja noti mara nne,
kama mtu anayeficha barua.

Mita mbili zilisimama. Jumanne nusu mita ikaanguka.
Nilimkuta Hermínio alfajiri akiipanga upya kimyakimya,
asije mtu akaandika Rotterdam
kwamba kazi yao haikudumu.

Niliijaza fomu kwenye meza ya unga.
Swali la tisa: mita mbili za ukuta,
moja na nusu kwa mikono ya wageni.
Mjini wakajibu: tafadhali toa jibu kwa asilimia.
Sikujibu. Nilichana kurasa thelathini,
nikabakiza moja, yenye jina, simu,
na nafasi tupu kubwa kuliko zote,
kisha nikaipeleka kwa mwenye baiskeli,
kwa mama wa asali, kwa kinyozi mwenye mashua.
Huenda nitafukuzwa.

Nilipokwenda kuaga, Zulmira alikuwa dirishani
kimya, mkono juu ya mdomo.
Idalécio alikuwa amekuja mwenyewe, bila mtoto.
Hakubisha hodi. Aliupapasa ukuta mpya,
akaweka juu yake mayai sita, moja moja,
akaondoka hata salamu hakutoa.

Upepo ulivuma.
Mayai hayakutikisika.